Koja la Kitambaa

Mjukuu wangu alipoletwa kwangu kuwekwa ndani, wiki mbili kabla ya ndoa yake, neno la kwanza alilotoa baada ya shikamoo lilikuwa hili: "Bibi, mie asumini zako sitaki."

Alilisema kwa ile sauti yake ya chini chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye. Nikadhani utani. Mie na yeye tunataniana, bibi na mjukuu ndivyo walivyo. Yeye namwita mke mwenzangu, na huyo mchumba wake namwita mume wetu. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hutaki asumini, unataka nikupambe kwa kisamvu?" Hakucheka. Akasema anataka maua ya kitambaa, yale yanayokodishwa kule Kibiti karibu na stendi, na mume wetu ameshakwenda mwenyewe kuyachagua.

Mwanamume kwenda kuchagua maua. Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama wote wawili kwa jicho la pembeni.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya Kibiti, upande wa kwendea Mchukwi. Mlangoni nilikuwa na mti wa asumini niliouotesha mwenyewe nilipokuja kuolewa hapa, kwa tawi alilonipa mama yangu limefungwa kwenye tambara bichi. Kwa mti huo nimepamba mabibi harusi mpaka nimesahau nyuso zao. Mie kusoma sijui, lakini nipe sinia la asumini na uzi mweupe, nitakutungia koja la kumfika mtu magotini kabla sufuria haijachemka. Mama yake huyu binti, ambaye ni mwanangu, nilimpamba mie. Shangazi zake, mie. Sasa mtu aliyetoka tumboni mwa mwanangu anasema hataki, na hasemi kwa nini.

Tena kwa watu wa mume wetu, maua si ya kupendezea macho. Wao asili yao delta, wakulima wa mpunga, na kwao mwali hatoki ndani mpaka shangazi wa bwana harusi amnuse. Siku ya kumtoa, shangazi anaingia na wanawake wenzake, anakaa mkekani mbele ya mwali, anainama mpaka pua inagusa koja, anavuta. Akiridhika anapiga kigelegele, walioko nje wanaitikia, ngoma inaanza, mwali anakwenda kwa mumewe. Asiporidhika ananyamaza. Hatukani mtu, ananyamaza tu. Nilishaona mwali aliyekaa kwao siku mbili nzima baada ya ndoa kufungwa, kwa sababu ya pua ya shangazi. Mume anaizunguka nyumba kama mbuzi aliyefungiwa zizi, haambiwi neno.

Na shangazi wa mume wetu namjua. Ndiye aliyemlea, mama yake alikufa zamani. Mwanamke mrefu, anaongea kwa puani, neno moja moja, kama anapima mchele wa kuuza: "Si-e… ha-tu-na… ha-ra-ka." Nikimwigiza, watu hushika mbavu. Alishavunja posa ya kijana mwingine wa ukoo wao, kwa jambo alilolinusa yeye peke yake. Kwa hiyo nilijua: mjukuu wangu akiwa na la kuficha, kuna pua inakuja kulitafuta, na ndoa yake imesimama juu ya pua hiyo.

Siku ya tatu nilikuwa nimeshakusanya ushahidi. Dirisha la chumbani mwake, linalotazama mti wangu, alilifunga na kulizibia kanga, na joto lote lile. Nikiwasha udi, anatoka. Alasiri nikipita na sinia la asumini za kumtungia mtu, mwenzangu huyo anakwenda chooni na anakaa huko mpaka nimalize. Na alikuwa na mkoba mdogo mweusi, hauachi. Akioga anautundika juu ya mlango wa bafu. Akilala anauweka chini ya ubavu.

Mwanamke anayekimbia harufu, mie nimezaa saba. Hilo halihitaji daktari.

Nikampigia simu mama yake, yuko Ikwiriri. Nikamwuliza, "Mwanao ana nini?"

"Hana kitu, mama. Kwani kafanya nini? Hana kitu."

Mtu asiye na kitu husema mara moja. Huyu kasema mara mbili, na katikati kachomeka swali.

Nikajifunga kanga, nikapanda bodaboda, nikaenda Kibiti kuyaona hayo maua.

Mpambaji ni mwanamke wa Dar, bado kijana, ana kucha za kubandika, kila kidole na rangi yake. Anaongea kama redio iliyokwama kati ya stesheni mbili. "Shikamoo bibi, karibu sana, jisikie huru, hapa kila kitu cha kisasa, maua yangu hayanyauki, hayadai maji, hayana stresi." Nikamwambia stresi ninazo mie, anipe kiti.

Duka lilikuwa limejaa maua tangu sakafuni mpaka kwenye bati. Mawaridi makubwa kama kabichi. Mengine ya bluu. Waridi la bluu sijui nani alilipanda. Nikachukua moja, nikalinusa. Linanuka kandambili mpya.

"Hiyo hariri, bibi," akasema.

Hariri. Hariri mie naijua, baba yangu alikuwa na kilemba chake cha sikukuu. Ile ilikuwa shati la Mchina lililokatwa mikono. Lakini nilinyamaza, maana nilikwenda kupeleleza, sikwenda kugombana. Nikamtazama anavyofanya kazi. Alikuwa na maua yaliyorudi kutoka harusi ya Bungu. Anayatumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, anayasugua kwa mswaki, anayaanika kambani kama nepi. Yaliyokauka anayapitisha kwenye mvuke wa birika, petali zinainuka, anazikunja kidogo kwa mgongo wa kijiko cha moto. Lililong'oka kichwa anakirudishia kwa gundi ya moto, halafu anazungusha utepe wa kijani shingoni, jeraha halionekani.

Nikamwonyesha waridi jeupe. "Hili limeshakwenda harusi ngapi?"

"Nyingi, bibi. Hilo ndiyo linapendwa."

"Na waliolivaa, wangapi bado wako kwa waume zao?"

Akanitazama. "Bibi, mimi napamba tu."

Ndiyo shaka yangu na maua ya kitambaa. Asumini imezaliwa jana. Haijui siri ya mtu, na ikifika asubuhi imekufa na lile ililoliona. Hilo la kitambaa limekaa kifuani mwa mwanamke huyu na yule, limesikia viapo vyote, limefuliwa, linakuja kwako linacheka kama halijawahi kuonana na mtu.

Nikamwuliza habari za mume wetu. Akasogeza kiti karibu, maana naye umbea anaupenda.

"Yule kaka wa gereji? Yule alinishangaza, bibi. Kakaa hapa asubuhi nzima. Ananusa ua moja moja. Lenye vumbi anatenga. Mengine nilikuwa nimeyapulizia pafyumu, kayakataa yote, kanambia niyafue upya kwa maji matupu, niyaanike juani siku tatu. Namwambia kaka, wateja wanataka yanukie. Ananambia, 'Dada, nifanyie hivyo hivyo.' Hana maelezo."

Niliporudi, yule wa bodaboda aliniuliza kama naumwa, kwa jinsi nilivyonyamaza. Nilikuwa nawaza. Mwanamume anayetengeneza pikipiki, mikono yote oili, anakaa asubuhi nzima ananusa vitambaa ili ahakikishe havinuki. Basi anajua. Ana lake na huyu binti, na wote wawili wanaikwepa pua ya shangazi.

Jioni ile ile alikuja kushusha gunia la mkaa. Mwali hamwoni, lakini mie ananiona.

"Shikamoo mke mkubwa."

"Marahaba mume wetu. Umeanza lini kunusa maua?"

Gunia likamponyoka. Akaliinua, akalipangusa, kama gunia la mkaa hupanguswa. "Bibi, nimeona tu… asumini si wakati wake."

Nyuma yake mti wangu umechanua mweupe mpaka chini. Nikautazama, nikamtazama. Akaaga.

Basi nikaamua kumpima binti.

Kesho yake alfajiri nikazichuma asumini zote zilizochanua, sinia zima, nikazitia ndani ya foronya ya mto mwingine, nikaishona mdomo. Kwetu mwali kulalia asumini ni jambo la heri, mtu akiniuliza nina jibu. Kama ana mimba, nilisema, itajitangaza yenyewe. Alipokwenda kunawa kabla ya kulala mchana nikambadilishia mto, na ule mkoba mweusi, ambao siku hiyo aliuacha kitandani, nikauchukua, nikausukuma chini ya kitanda changu, niupekue kwa nafasi. Nikatoka, nikakaa barazani na ukili wangu, nasuka, nasubiri kusikia mtu anatapika.

Sikusikia kutapika. Nilisikia filimbi, nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Nikageuka kutazama jiko. Jiko halina moto. Filimbi ikakatika, ikarudi, ikawa nyembamba zaidi, na nikajua inatoka chumbani.

Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, mikono kitandani, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi. Macho yamemtoka. Alikuwa anapapasa pale ubavuni anapoweka mkoba, anapapasa, anapapasa tena, halafu akanitazama. Hakuwa na pumzi ya kuniuliza.

Mie nimekimbia mara chache maishani. Mara ile nilikimbia. Niliuvuta mkoba, zipu ikakataa, nikaipasua kwa meno, nikamwaga vyote kitandani: kitana, simu, shanga, na kidude cha bluu cha kupuliza. Akakinyakua, akakitia mdomoni, akavuta mara mbili. Nikautupa mto barazani. Nikamshika kwapani, nikamtoa uani, nyuma ya jiko, kusikofika harufu, nikamkalisha kwenye kibao cha mbuzi maana ndicho kilichokuwa karibu. Tulikaa hapo muda mrefu. Filimbi ikawa inashuka, inashuka, mpaka ikawa pumzi.

"Pumu," akasema.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu. Asumini, udi, pafyumu, vumbi la pumba. Vikizidi."

"Mume wetu anajua?"

"Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali mara ya kwanza. Tulikuwa hatujachumbiana bado."

"Na mama yako?"

"Anajua."

"Na mie?"

Akatazama chini. Akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. "Mama alisema nisikwambie. Alisema, 'Bibi yako akijua leo, kesho anakuigiza.'"

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekwambia mvua itanyesha.

Yaani nitakaa barazani, nitapiga ile filimbi kwa koo langu, jirani watacheka, na wiki haitakwisha shangazi ameshaisikia huko delta. Akanieleza ile posa iliyovunjwa: msichana yule alikuwa na kifua. Alikohoa mbele ya shangazi mara moja tu. Shangazi akasema, sie hatuoi vifua, mtu wa kifua hataweza mpunga, na kifua chake atawagawia watoto. Mjukuu wangu alinisimulia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, hakumwigiza mwenye nayo. Nikaona kumbe inawezekana.

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Kusema kweli, wiki ile ile nilikuwa nimeshamwigiza kwa majirani mara mbili, jinsi anavyokwenda chooni mbio mbio, na walicheka sana.

Nikamwambia, "Haya. Utavaa kitambaa." Lakini wote wawili tulijua kitambaa hakitoshi. Mawaridi kama kabichi shangazi angeyakataa tangu mlangoni. Kwao koja ni la asumini, basi. Na marashi hatuwezi kuyanyunyiza, kwani marashi na asumini kwa kifua chake ni ndugu. Siku zimebaki kumi.

Nikarudi kwa mpambaji. Sababu sikumwambia, na kutomwambia kuliniwasha ulimi siku zote tulizokaa pamoja. Nilimwambia bibi kizee kaingiwa na usasa, anataka koja la asumini lisilonyauka. Akacheka. "Bibi, asumini za kitambaa hazipo sokoni." Nikamwambia basi tutazizaa wenyewe.

Alinitolea mabaki ya shela, kitambaa chembamba chenye kung'aa kidogo, tukakata vipande vidogo kuliko ukucha. Yeye anakata, mie nakunja. Kumbe kwenye kukunja alikuwa hajui kitu: alikuwa anafanya maua yaliyofunguka, na koja halitungwi kwa asumini zilizofunguka. Asumini unaichuma alasiri, imefumba kama punje ya mpunga, unaitunga imefumba, inafungukia mwilini mwa mwali. Nikamfundisha kusokota kitambaa kwa dole gumba mpaka kiwe punje, kitone cha gundi chini, basi. Vikono vya ua nikavichovya kwenye chai ya rangi, maana asumini halisi si nyeupe mpaka kwenye shingo. Akasema, "Bibi, wewe ungekuwa Dar ungekuwa mbali." Nikamwambia kuwa mbali na wapi.

Kuzitunga ndiko kulikonisumbua. Asumini mbichi ukiichoma sindano tumboni inapasuka, inatoa maji, inakuwa nyeusi. Lazima uipate kooni, na uwahi, tambara bichi ulilozifunikia likikauka umeliwa. Vidole vyangu vimezoea hofu hiyo. Kitambaa hakina hofu. Unachoma popote, unaacha, unakwenda kuswali, unakunywa chai, unarudi unakikuta kilivyo. Asumini inakuharakisha, kitambaa kinakusubiri, na kitu kinachonisubiri bila kuchoka mie sikiamini. Mara tatu niliinua kipande nilichotunga nikakinusa, mkono umekwenda wenyewe, na mara tatu puani hamkuingia kitu. Kama kumwita mtu ndani ya nyumba ukajua yumo na haitiki.

Siku ya nne koja likawa tayari. Ukilitazama ukiwa mlangoni, ungeapa ni asumini.

Ukabaki mti. Shangazi akija, ataukuta mlangoni umechanua, halafu aingie ndani akute kitambaa, atauliza kwa nini. Hakuna jibu la swali hilo ila moja. Isitoshe binti alikuwa anakesha dirisha limezibwa, na siku ya kutolewa chumba kitajaa wanawake, watataka upepo.

Nikachukua panga asubuhi, kabla jirani hawajatoka. Matawi nikayaburuta mpaka mwisho wa shamba la mihogo. Mjukuu wangu alisikia, akaja akasimama mlangoni, kanga imemziba pua. "Bibi," akasema. Nikamwambia aingie ndani, mwali haonekani nje. Jirani aliponiuliza nikasema mchwa. Akasema pole, na nikaona anautazama uso wangu kuliko anavyokitazama kisiki.

Siku ikafika. Wakaja na magari mawili, alasiri, wanawake wa kwao mbele na ngoma zao. Shangazi akashuka wa mwisho. Pale mlangoni alisimama kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia.

Mwali alikuwa mkekani, shela imemfunika, koja limemfika magotini. Mie nimekaa ubavuni kwake, nimeushika mkono wake chini ya kanga. Dirisha wazi. Chumba kikajaa, wengine wamesimama mlangoni. Shangazi akakaa. Akainama. Pua ikagusa.

Akavuta. Akakaa vile vile. Akavuta tena.

Akainua kichwa taratibu, akalishika koja kwa vidole viwili, akasokota punje moja. "Ki-ta-mba-a," akasema.

Wanawake wakainua shingo kutazama. Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa unanibana mpaka mifupa.

Nikamwambia, "Kitambaa, mkwe wangu. Asumini zangu zimeliwa na mchwa. Mti mzima umekwenda. Nimepamba watoto wa watu miaka yote hii, siku ya mjukuu wangu mlango wangu umekuwa mtupu. Nikaona haya kukukabidhi mwali asiye na koja, nikashona hilo kwa mikono yangu. Kama kuna aibu, ni ya kwangu, usimvishe mtoto."

Akanitazama toka kidevuni mpaka begani. Halafu akageuka kwa wanawake wake, akanyanyua kidevu, akatetemesha shingo, akatoa sauti nyembamba yenye kubembeleza na kujisifu humo humo: "Asumini zangu, mkwe wangu, zimeliwa na mchwa. Nimepamba watoto wa watu miaka yote hii."

Ilikuwa sauti yangu. Sikuwa najua kama nanyanyua kidevu. Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka mwanangu, mama wa mwali, nikamwona ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanamcheza. Akarudia, mara ya pili akaongeza na namna ninavyovuta kanga begani. Wakazidi. Mie niliyeigiza Kibiti yote, wazima na maiti, nilikaa pale nimetumbua macho kama chura aliyemulikwa tochi, na nilichokuwa nakisikiliza ni kifua kilicho ubavuni kwangu. Kimya. Kinapanda, kinashuka, kimya.

Na katikati ya kicheko chake mwenyewe, shangazi akapiga kigelegele.

Wa nje wakaitikia. Ngoma ikaanza, na haikupita muda wakanitungia wimbo, kwamba bibi wa asumini kaishiwa, kamfuata fundi cherehani. Waliuimba wakimtoa mwali, waliuimba wakimpandisha gari. Mume wetu alikuwa amesimama kando na kanzu yake, hachezi, hatazami ngoma, anautazama mdomo wa mkewe aone kama anapumua. Mie nikacheza. Ukiimbwa usicheze, watu wataona umeumia.

Shangazi alikuwa wa mwisho kutoka. Aliacha wenzake wapande, akaja mpaka kwenye kisiki, akakitazama. Akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Mkwe," akasema kwa puani. "Mchwa wenu… wanakata mti kwa mkupuo mmoja. Tena kwa mshazari."

"Wa huku wana meno, mkwe wangu."

"Naona." Akajifunga mtandio vizuri. "Nimewaambia wasichana wangu wasifukize udi kwenye chumba cha maharusi. Moshi… unaharibu maua ya kitambaa."

Akaenda, akapanda gari, wakaondoka.

Mjukuu wangu yuko kwa mumewe mpaka leo, na akipiga simu huniambia shangazi hajamwuliza neno. Hajamwuliza neno, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Maana yule akikusamehe hunyamaza, na akikusubiri hunyamaza vile vile. Mie mtu nikitaka kujua ana nini moyoni, huwa nayasema maneno yake kwa sauti yake, nayaonja, mpaka nijue kama ndani mna asali au mna mwiba. Haya nayasema peke yangu, mlango nimeufunga, polepole, kwa puani, kama alivyoyapima yeye. Moshi unaharibu maua ya kitambaa. Sauti naipata. Lililo ndani yake silipati.